Maji Aliyoambiwa Bi Rokaya

Bi Rokaya, Mungu amweke pema, alikaa kwenye meza ya gati ya Makham miaka kumi na tisa. Aliyemwondoa pale hakuwa mtalii, wala kampuni, wala maji. Alikuwa ndugu yake, ambaye yeye mwenyewe alimlisha wali kwa vidole vyake.

Meza yenyewe ilikuwa ndogo, imetandikwa kitambaa cha mpira, na juu yake mwavuli wa jua uliopauka. Nyuma ya meza ulipita waya, na kwenye waya zilibanwa picha sita kwa vibanio vya nguo. Kila picha ilikuwa safari moja ya mifereji ya Thonburi. Kulikuwa na safari fupi ya saa moja, inayoingia mdomoni mwa mfereji na kurudi. Kulikuwa na ya kulisha samaki mbele ya hekalu, ambapo hakuna anayethubutu kuvua, na ya soko la majini la Jumamosi na Jumapili. Picha ya mwisho ilikuwa ya safari ndefu, ile inayopita malango mawili ya maji, inazunguka kwenye mashamba ya nazi na nyumba za zamani za mbao, kisha inatokea mtoni upande wa pili.

Sheria ya gati ilikuwa nyepesi. Mgeni anachagua safari, foleni inachagua mashua. Manahodha kumi na wawili walitundika vibao vyao vya namba kwenye misumari kadiri walivyofika alfajiri, na hakuna aliyeruhusiwa kumwita mgeni wala kumkonyeza. Kumsaidia mgeni kuchagua ilikuwa kazi ya Rokaya peke yake, na kwa kila mashua iliyoondoka nahodha alimpa fungu lake dogo bila mjadala.

Hakuangalia mifuko ya watu. Aliangalia viatu, halafu magoti, halafu watoto. Mgeni wa Ulaya mwenye kamera kubwa na shingo nyekundu alimpa safari ya saa moja hata kama ameomba ndefu, maana alijua nusu saa baadaye jua litamfanya asione uzuri wa kitu chochote. Bwana na bibi harusi waliokuja wamenuniana aliwapeleka kwenye samaki. Alisema watu wawili hawawezi kutupia samaki mikate na kuendelea kununa. Manahodha walikuwa wakimtania. Mmoja wao, Sawek, mtu wa mwili mnene na maneno mengi, alimwambia mara kwa mara kwamba amepotea njia, angekuwa mshenga angekuwa tajiri.

"Mshenga akikosea watu wanaachana," Rokaya alimjibu. "Mimi nikikosea watu wanazama. Kaa kwenye foleni yako."

Lakini kujua watu si kujua maji. Mifereji ile haiko wazi siku zote. Mto ukijaa, serikali ya mji hufunga malango ili maji yasiingie majumbani, na mashua iliyo ndani hubaki ndani. Siku nyingine lango liko wazi ila maji yamepanda, na daraja la chini halipitiki. Haya yote Rokaya hakuyaona kwa macho. Alifika gatini baada ya sala ya alfajiri na kuondoka baada ya alasiri, na katikati hakuinuka ila kwa kuswali. Habari za maji aliletewa na mdogo wake, Anas.

Anas alikuwa nahodha wa kwanza kuingia mferejini kila siku, kwa sababu alikuwa na wateja wake wa kudumu, akina mama wa mashambani wanaoleta mboga sokoni. Kabla jua halijachomoza alikuwa ameshapita malango yote mawili, ameshaongea na Udom, mlinzi wa lango la ndani. Saa kumi na mbili u nusu alifunga kamba gatini, akaketi juu ya kreti la plastiki, akapewa chai ya maziwa na kipande cha keki ya badin aliyooka dada yake. Rokaya alimuuliza, "Maji vipi?" Naye alimwambia. Kisha Rokaya aliinuka na kuzigeuza picha za safari zisizopitika siku hiyo, uso ukaelekea ukutani. Picha iliyogeuzwa haikuuzwa hata kwa waziri.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza mtu mwingine. Wengine walimshauri achukue namba ya simu ya Udom. Alisema ya nini, na ana ndugu.

Ili kuelewa neno hilo lazima mtu ajue kwamba Anas alipofiwa na wazazi alikuwa na miaka minne, na Rokaya kumi na mitano. Walikufa mwaka mmoja, baba kwa homa na mama kwa huzuni, au ndivyo walivyosema majirani wa msikitini. Rokaya aliacha shule. Alioka badin kwa mkaa, akaziuza mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa na mlangoni mwa soko siku nyingine. Wachumba walikuja wakaondoka, kwa kuwa kila mmoja alimuuliza huyu mtoto ataishi na nani. Aliolewa akiwa na miaka thelathini na tatu, na mume alikaa naye miaka sita tu, akafa bila mtoto. Mashua ya Anas ilitokana na badin. Injini yake, ambayo zamani ilikuwa ya lori, ilitokana na dhahabu ya harusi ya dada.

Anas alikuwa mpole na mchapakazi. Alisali, alioa vizuri, alipata binti wawili. Kasoro yake ilikuwa moja, na dada yake hakuiona. Gatini, sokoni, msikitini, kila mahali, watu walimwita Mdogo wa Rokaya. Hata akina mama wa mboga walisema wanamsubiri Mdogo wa Rokaya. Alicheka walipomwita hivyo. Mtu anaweza kucheka miaka arobaini na kila siku kile kicheko kikamchubua mahali palepale.

Kisha akaja Bwana Phanu. Alivaa shati jeupe lenye nembo ya mashua kifuani, na alisema na kila mtu kwa unyenyekevu mkubwa. Kampuni yake ilitaka kuleta mashua pana zenye paa na viti laini, watu wachague safari kwenye simu hata kabla hawajafika mjini. Alichohitaji ni mahali pa meza, pale kivulini karibu na barabara, na hapakuwa na pengine. Alimwendea Rokaya kwanza, na matunda kwenye kikapu. Rokaya aliyapokea matunda, akamwambia simu haijui magoti ya mtu. Phanu alicheka, akawaendea manahodha. Nao walimjibu kwamba sheria ya gati ni ya zamani kuliko wao. Meza haichukuliwi mradi mwenyewe yupo na anaiweza kazi. Anaondolewa tu akipeleka wageni kwenye maji yaliyofungwa.

Phanu alishukuru akaenda zake. Wiki zilizofuata alionekana mara mbili akinywa kahawa na Anas ng'ambo ya barabara. Rokaya aliwaona. Alifurahi kwamba mdogo wake anajua kukaa na watu wakubwa.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Ilikuwa bamvua, na maji ya mvua za juu yalikuwa yakishuka mtoni rangi ya chai, yamebeba magugu. Rokaya alijua kwa kuangalia tu kwamba ni siku ya kuuliza vizuri. Anas alipofunga kamba alimmiminia chai, akamuuliza, "Maji vipi leo? Usinifiche, mto naona umevimba."

Anas alipuliza chai. "Yako wazi, dada. Yote mawili, mpaka jioni. Udom kasema."

"Na daraja?"

"Linapitika. Inamisha kichwa tu."

Rokaya hakugeuza hata picha moja.

Saa tatu na nusu akaja bibi mmoja wa umri wa miaka themanini na kitu, kashikwa mkono na binti yake, na wajukuu wawili nyuma. Bibi huyo aliitwa Lamyai. Walikuwa wametoka Nakhon Sawan kwa treni ya usiku, na walikuwa na treni ya kurudi saa tisa alasiri. Binti, Orathai, alitaka soko la majini. Wajukuu walitaka samaki. Bibi hakutaka picha yoyote. Alisema alizaliwa ndani huko, karibu na lango la pili, nyumba ya nguzo kumi na sita, na majivu ya mama yake yako kwenye ukuta wa hekalu la pale. Alitaka kupita mbele yake mara moja, awashe udi, arudi kwake.

Rokaya alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba vifundoni.

"Bibi, magoti yako yananiambia safari fupi."

"Magoti hayakuzaliwa kule," alisema Bibi Lamyai. "Mimi ndiye niliyezaliwa."

Wajukuu walicheka, na Rokaya naye akacheka. Alihesabu kwa kichwa. Ndefu ni saa mbili, na kusimama hekaluni nusu saa. Saa sita wamerudi, wanakula, wanakwenda stesheni bila haraka. Kama lango lingekuwa na shaka hata kidogo asingempeleka. Lakini maji yalikuwa wazi mpaka jioni. Akaondoa picha ya safari ndefu kwenye kibanio, akamwekea bibi mikononi, akamwambia hii ndiyo yake. Foleni ilikuwa imefika kwa Sawek. Walimnyanyua bibi wakamweka kwenye kiti cha mbele, akawekewa mto mgongoni, na Rokaya alisimama ukingoni, jambo asilolifanya kwa kawaida, mpaka mashua ikapotea chini ya daraja.

Saa tano kasorobo lango la nje lilifungwa. Robo saa baadaye la ndani nalo likafungwa. Sawek alifika mbele ya lango la ndani akakuta chuma kimeshuka na maji yamekuwa ziwa. Alidhani ni dakika kumi. Nyuma yake zikaingia mashua za mizigo, moja baada ya nyingine, zikajibana kama samaki kwenye kopo, na kuta za zege pande zote mbili zilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu. Hakukuwa na ngazi ya kupandia. Wakakaa hapo kuanzia saa tano mpaka saa kumi, bila paa, jua likiwawakia.

Watu wa mizigo waliwapa maji ya kunywa na mwavuli. Wajukuu walilia, wakachoka kulia. Bibi Lamyai hakulalamika. Aliketi ameuma midomo, mikono kifuani, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua anavumilia nini. Kisha Orathai akaona maji yakitiririka chini ya kiti cha mama yake. Sawek alisimulia baadaye kwamba aligeuka haraka akajifanya anarekebisha injini, na watu wa mashua zote nne wakageuka pia, kila mmoja akatafuta kitu cha kushika. Wakati huo mama wa watu alikuwa akitazama mbele tu, kule lilikokuwa hekalu, ng'ambo ya chuma.

Walirudi gatini saa kumi na moja. Treni ilikuwa imekwenda. Rokaya, ambaye tangu saa saba hakuwa ameketi, alishuka mpaka kwenye maji na kanga yake akamfunika bibi kiunoni, akataka kumshika mkono. Bibi Lamyai hakuuvuta mkono wake, ila alisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ungeniambia tu hapapitiki. Ningerudi. Nimezoea kurudi."

Maneno hayo Rokaya aliyabeba mpaka mwisho. Alisema afadhali angetukanwa.

Manahodha walikutana hapohapo gatini kesho yake baada ya alasiri. Chalong, ambaye ndiye msimamizi wa foleni, alikuwa hana raha. Alisema wanamjua Bi Rokaya, hakuna anayetaka shari, ila wageni wamefungiwa na gati nzima imeona. Basi aseme nani alimwambia maji yako wazi, kwa kuwa sheria ina pande mbili. Kama alitunga mwenyewe, meza inamtoka. Kama aliambiwa uongo, aliyesema uongo anaondoa kibao chake msumarini.

Rokaya alimtazama Anas. Alikuwa ameketi juu ya lile kreti, anachambua uzi kwenye ncha ya kamba. Rokaya alisema baadaye kwamba alimpa muda. Alihesabu moyoni, akasoma Alhamdu nzima, polepole, akimsubiri mdogo wake ainue kichwa aseme ni mimi, nilikosea, nilisikia vibaya. Angesema hivyo wangemsamehe. Yeye mwenyewe angesimama akamwombea. Alipofika mwisho wa sura Anas bado alikuwa na uzi wake.

"Aliniambia ndugu yangu," Rokaya alisema.

Watu wote wakageuka.

"Sikumwambia," Anas alisema. "Nilimwambia yana shaka. Labda hakusikia. Umri."

Hapakuwa na shahidi wa yale waliyoambiana wawili hao. Na kwenye gati ile, jambo lisilo na shahidi lilikuwa na njia yake, ya tangu enzi za babu zao, Waislamu na Wabudha wakifanya kazi bega kwa bega. Mwislamu huapa kwa jina la Mungu, Mbudha huenda kuapa mbele ya sanamu hekaluni. Akishaapa mmoja, maneno yamekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kuyafukua tena. Walikuwa wameitumia mara tatu tu katika maisha yao. Sawek, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyejaribu kuizuia. Alimwambia Anas, "Usiape, ndugu. Ni meza tu hii. Ni ubao na miguu minne."

Chalong alimuuliza Anas kama yuko tayari. Anas alisimama. Alitoa kofia mfukoni, akaivaa vizuri, kama anakwenda kusali Ijumaa. Kisha akasema Wallahi, mara tatu, hakumwambia dada yake kwamba maji yako wazi.

Rokaya alikuwa ndiye aliyemfundisha neno hilo. Alimfundisha usiku wa mvua, mtoto ana miaka sita, ameiba kipande cha badin na kusema Wallahi hajaiba. Alimkalisha kitandani akamweleza kwamba keki ni kitu kidogo, Mungu amekuumbia ngano nyingi, lakini jina lake ni moja, usilitumie kufunika makombo.

Chalong alimgeukia, akamuuliza kama na yeye ana la kusema. Kwa sheria yao hangeweza tena kuapa kinyume, ila angeweza kulalamika, angeweza kulia, na wengine walitaka alie ili wapate sababu ya kumtetea. Rokaya alisema hana. Alikunja kitambaa cha meza. Alitoa vibanio kwenye waya, kimoja kimoja, akazipanga picha sita kwa mpangilio wake na kumkabidhi Chalong. Sawek alitaka kumbebea mwavuli mpaka nyumbani, akamkatalia. Alimwambia mwavuli si wake, ni wa meza.

Baada ya siku tisa Bwana Phanu aliweka meza yake. Baada ya mwezi Anas alikuwa anaendesha mashua pana yenye paa, amevaa shati jeupe lenye nembo. Hakuna aliyemwita tena Mdogo wa Rokaya. Watu wa gati walimwita nahodha, kwa adabu, na walipomaliza kumwita waliondoka karibu naye.

Rokaya alirudi kwenye badin. Nyumba yake ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya msikiti, na kutoka dirishani injini zilisikika, ila mfereji haukuonekana. Majirani walimwuliza kwa nini hakumpinga mdogo wake. Aliwaambia kwamba mtu ameshaapa, yeye aseme nini? Akisema ni mwongo, anawaalika watu wamshuhudie ndugu yake akiwa motoni. Walimwambia basi umemsamehe. Akaenda kutazama oveni.

Mwezi wa kwanza wa mwaka, siku za baridi, akabisha hodi mtu. Alikuwa Orathai, na nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, Bibi Lamyai. Walikwenda gatini wakaonyeshwa safari kwenye simu, kumi na mbili, kila moja na nyota zake. Bibi akauliza yuko wapi mama wa picha. Sawek ndiye aliyewaelekeza.

"Nimekuja unichagulie," alisema Bibi Lamyai.

Rokaya alibaki amesimama mlangoni na unga mikononi. Aliwaambia hawezi. Aliwaambia hajui maji ya leo, na aliyekuwa akimwambia hamwamini tena. Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, mbele ya wageni, uso ulimwiva. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema.

"Basi nani anayajua?" bibi aliuliza.

Rokaya alinawa. Aliwakaribisha ndani wakapumzike, akawawekea chai, akatoka kwa miguu. Kutoka msikitini mpaka lango la ndani ni mwendo wa saa nzima, kwa vijia vya zege vinavyopita nyuma ya nyumba za watu. Alifika amelowa jasho. Udom, mlinzi wa lango, alikuwa anakula wali kwenye kibanda chake. Juu ya mlango wa kibanda ulikuwepo ubao mweupe, mkubwa, umeandikwa kwa kalamu ya bluu saa za kufunga na za kufungua, kwa juma zima. Yeyote angeweza kuusoma.

Alimuuliza maji vipi. Udom alimwambia leo na kesho yako wazi mchana kutwa. Kisha akamtazama tena.

"Wewe si dada yake Anas? Ile Jumamosi ya bamvua nilishangaa sana. Nilimwambia alfajiri, tunafunga saa tano. Akaniuliza mara mbili, una uhakika? Nikamwambia nina uhakika. Akanishukuru."

Rokaya alishika ukingo wa zege. Mpaka siku hiyo alikuwa amebakiza kijinafasi, kama anayeacha mlango bila komeo. Labda Anas alisahau. Labda alisikia vibaya, akaogopa, akaapa kwa woga. Mtu mwoga unaweza kumpikia chakula. Lakini Anas aliuliza mara mbili.

Alirudi nyumbani akamchagulia Bibi Lamyai safari ndefu, akampa mashua ya Sawek. Hakwenda gatini kuwaona wakiondoka.

Idi ilipofika, Anas alikuja na mke wake na binti zake, kama ilivyo desturi, mdogo kwenda kwa mkubwa kuomba radhi. Alivaa kanzu mpya. Alipiga magoti mbele ya dada yake, akashika mikono yake miwili, akasema, "Dada, nisamehe yote niliyokukosea, niliyoyajua na nisiyoyajua."

Ni maneno ambayo kila mtu huyasema siku hiyo, na kila mtu hujibu nimekusamehe, nawe nisamehe. Rokaya aliiacha mikono yake ishikwe.

"Yote siyajui," alisema. "Mimi najua moja. Litaje."

Anas aliinamisha kichwa. Mke wake aliangalia mkeka. Rokaya akamwambia kwa upole, kama anavyoongea na mtoto mgonjwa, kwamba msamaha upo, ameshamwekea, alimwekea siku nyingi, lakini kitu kilichochukuliwa kwa jina la Mungu hakirudishwi kwa maneno ya jumla. Ataje tu. Hata kwa kunong'ona, watoto wasisikie. Anas alifungua mdomo, akasema dada, dada yangu, akakwama hapo. Kisha alisema chakula kitapoa nyumbani, wana wageni. Binti zake walimbusu shangazi yao mkono, mmoja mmoja, na mdogo alichelewa kuuachia.

Rokaya alisubiri mwaka ule na nusu ya mwaka wa pili. Kila alfajiri alimwombea kwa jina, na kila alfajiri aliacha mlango wa mbele umerudishwa tu. Moyo ulimsimama mwezi wa Shaabani, siku ya Jumatatu, akiwa mbele ya oveni. Badin za siku hiyo ziliungua.

Mwanamke hushushwa kaburini na maharimu wake, na Rokaya alikuwa na mmoja tu. Anas alivua viatu akashuka. Alimpokea dada yake mikononi, akamlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Lakini Anas hakupanda. Aliinama karibu na kichwa chake na kuanza kuongea, kwa sauti ya chini, haraka, bila kupumua vizuri, na akaendelea. Waliokuwa juu na majembe waliangaliana. Sawek alikuwa amesimama nje ya uzio, kofia mkononi, na hata yeye alijua kwamba hiyo si sehemu ya sala.

Imamu alisubiri kadiri alivyoweza. Mwisho akainama ukingoni akamwambia, "Inatosha, mwanangu. Toka tufukie."

Ilibidi watu wawili washuke kumtoa.